Tendo la kishetani si tendo la shetani

Kila mauaji ya kutisha yanaporipotiwa, sifa ya "-a kishetani" hurudi magazetini, na wapo wanaoipinga kwa madai kwamba inamhamishia Shetani lawama iliyo ya mtu. Pingamizi hilo lina uzito, kwa sababu "shetani alinipitia" ni kauli ambayo wengi tumeisikia kwa mkosaji anayeomba msamaha, akilisimulia kosa lake kana kwamba lilikuwa ajali ya barabarani.

Hata hivyo, wapinzani hao huchanganya miundo miwili ambayo sarufi yetu imeitenganisha. "Kazi ya shetani" hutaja mwenye kazi, ilhali "tendo la kishetani" hutaja namna ya kutenda. Kiambishi ki- hapa hulinganisha, na katika lawama hakina makali ila pale anayelaumiwa anapokuwa si yule anayefananishwa naye: "tabia za kitoto" humchoma mtu mzima, kwa kuwa mtoto halaumiwi kwa utoto wake, na "amempiga kinyama" husemwa juu ya mpigaji ambaye si mnyama na alipaswa kulijua hilo. Basi anayeambiwa amefanya ukatili wa kishetani anaambiwa kwamba, akiwa binadamu mwenye hiari, alichagua mwenendo usiomstahili. Wala dini haimpi pa kujificha: katika Kurani, Sura Ibrahim, aya ya 22, Shetani mwenyewe anawaambia waliomfuata kwamba hakuwa na mamlaka juu yao, aliwaita tu nao wakamwitikia, kwa hiyo wasimlaumu yeye bali wajilaumu nafsi zao. Sijui utetezi gani wa "alinipitia" unaobaki umesimama mbele ya maneno hayo.

Hoja inayonisumbua zaidi, ingawa husikika kidogo, inatoka pwani. Ibilisi ni mmoja, lakini mashetani ni wengi na si wote waovu: wapo watu Unguja waliopandisha shetani katika ngoma ya pepo, wakamtuliza na kuishi naye kwa masikilizano, na pale Mwenge, Dar es Salaam, vinyago vya Kimakonde viitwavyo shetani huuzwa kwa watalii bila kumtia mtu hofu. Kuyaita hayo "mambo ya kishetani" ni kuyahukumu kabla ya kuyatazama. Kwa uovu wa mauaji, "-a kiibilisi" lingekuwa neno sahihi zaidi, ila masikio hayajalizoea, na mhariri anayeandika kichwa cha habari usiku hangojei lizoeleke.