Kenya waliweka mpira kwapani Karatu, na mi siwalaumu sana

Julai 2025 Kenya walipotangaza kwamba hawachezi tena yale mashindano ya CECAFA, chama cha soka cha Afrika Mashariki na Kati, ya timu nne kule Karatu, mitandaoni kwetu huku Bongo wimbo ulikuwa mmoja tu: wameogopa, wamechomoa betri, wanajiona nani hawa na AFCON ya Morocco wenyewe hata hawaendi. Nilicheka na mimi, utani wa jirani huo tumeuzoea. Ila kelele zikishapoa ukaliangalia lile jambo vizuri unakuta majirani walikuwa na hoja, na tatizo lenyewe kubwa wala halikuwa Nairobi.

Kwa ambao hawakufuatilia, yale mashindano yalikuwa ya kujipima tu kabla ya CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, ambayo ilikuwa inaanza tarehe 2 Agosti hapa kwetu, Kenya na Uganda. Yaani zimebaki kama wiki mbili hivi. Na Kenya hawajawahi kucheza CHAN hata siku moja maisha yao yote, halafu ya kwanza wanaingia kama wenyeji, kundi lao lina Morocco, lina Congo DR, lina Angola na Zambia. Morocco bingwa mara mbili, Congo bingwa mara mbili. Sasa we ndo Benni McCarthy, umetoka kufundisha washambuliaji Manchester United, kazi Kenya umeanza mwezi wa tatu tu, unaambiwa upeleke vijana wako Karatu wakacheze mashindano yasiyo na pointi wala ubingwa wa maana, na wewe mwenyewe umeona mazingira ya pale hayakidhi. Mchezaji akivunjika mguu pale nani atakulipa? FKF, shirikisho la soka la Kenya, walisema wamefuata ushauri wa kocha, na mimi kwenye hilo naona wako sawa kabisa, kocha akisema hapana shirikisho lisimlazimishe. Ni mara ngapi tumelia huku kwetu kwamba viongozi wanawapangia makocha kila kitu mpaka kikosi?

Ambacho siwasamehei ni muda. Ratiba ishatoka, Uganda wapo, Senegal wamesafiri kutoka kule Magharibi mpaka Karatu njia ya kwenda Ngorongoro, afu wewe wa jirani ambaye ungeweza kutuma mtu na gari wiki mbili kabla akakague nyasi unajitoa dakika za mwisho kabisa. Hiyo siyo sawa bana. Mashindano ya timu nne akitoka mmoja umebakiza nini, timu tatu zinazungushana.

Halafu Senegal ndo walikuwa bingwa mtetezi wa CHAN na walibaki wakacheza. Hapo wabongo wengi wanamalizia hoja, "mbona Senegal hawakulalamika". Haya, tuangalie uwanjani sasa ikawaje. Kenya ambao hawakucheza Karatu waliwafunga Congo DR 1-0, wakatoka sare na Angola, afu ikaja ile ya Morocco pale Kasarani ambayo hata kama humpendi Mkenya lazima ulisimama. Ryan Ogam anafunga kipindi cha kwanza kinakaribia kuisha, haipiti muda Erambo anakula kadi nyekundu, kipindi cha pili chote wanacheza kumi dhidi ya Morocco na wanashikilia mpaka mwisho. Wakamfunga na Zambia, wakaongoza kundi. Watu wa "wameogopa" nilikuwa nawatafuta sikuwaona.

Na bado hiyo haithibitishi kwamba kususa kuliwasaidia. Maana Taifa Stars ya kocha Hemed Morocco iliyocheza Karatu nayo iliongoza kundi lake, Uganda nao waliongoza la kwao, na wenyeji wote watatu tuliishia robo fainali. Sisi kwa Morocco 1-0 kwa Mkapa, Kenya usiku huohuo kwa penalti mbele ya Madagascar, Uganda kesho yake kwa Senegal 1-0. Aliyecheza na aliyesusa wote tulirudi nyumbani wikiendi moja. Kwa hiyo anayetaka kuitumia CHAN kumpiga mwenzake atafute fimbo nyingine.

Kinachoniuma mimi ni CECAFA. Hawa watu wana mashindano yenye ukoo mrefu kuliko karibu yote Afrika, yalianza 1926 kama Kombe la Gossage, ikaja Challenge Cup mwaka 1973, na mpaka 2025 Challenge ya wakubwa ya mwisho ilikuwa ile ya Uganda 2019. Ya 2021 kule Ethiopia waliigeuza ya vijana chini ya miaka 23. Na hata kabla ya hapo ilikuwa ni mwaka upo mwaka haupo, 2014 hakuna, 2016 hakuna, 2018 hakuna. COSAFA, wenzao CECAFA huko kusini, wanacheza la kwao karibu kila mwaka mpaka sisi na Kenya tunaalikwa kama wageni, 2017 tulitoka na nafasi ya tatu huko. Unaalikwa kula kwa jirani wakati kwenu jiko halijawashwa tangu 2019.

Na tusijifanye watakatifu. Kagame Cup ya 2024, ile ya klabu za CECAFA, ilichezwa hapahapa Dar, Simba wakaenda zao kambi Misri, Yanga wakaenda Afrika Kusini kucheza na kina Kaizer Chiefs, kombe likabebwa na Red Arrows wa Zambia ambao walikuwa waalikwa tu. Mbona hatukusema Yanga wameogopa? Tulisema wanafanya pre-season ya maana, na tulikuwa sahihi, timu inaenda inakopata faida.

Mashindano yakiwa na hela, tarehe inayojulikana mwaka mzima kabla na kiwanja kilichokaguliwa na pande zote, hakuna kocha atakayesusa, CHAN ileile mshindi alikuwa anachukua dola milioni 3.5 na sikusikia mtu anaulizia nyasi kwanza. AFCON 2027 inakuja kwetu sisi watatu haohao. Hizi nchi zinahitaji Challenge Cup kabla ya hapo, timu nane au kumi, si bonanza la kuungaunga. Na FKF nao safari ijayo watume mtu wa kukagua kiwanja mapema, Namanga haiko mbali kiasi hicho.