Kupima madhila ya watoto: alama zinafaa kata, mtoto zinamponza

Chukua watoto wawili wa Kirumba, Mwanza. Mmoja baba yake alizama ziwani, mwingine wazazi wake wameachana. Orodha ya maswali kumi ya kupima madhila ya utotoni iliyoenea duniani, ambayo kila “ndiyo” ni alama moja, iliyokua kutokana na utafiti wa madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa mwaka 1998 huko San Diego, Marekani, inampa wa pili alama moja. Wa kwanza haimpi kitu, kwa kuwa kifo cha mzazi hakimo. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa dodoso lake liliingiza kifo hicho, pamoja na uonevu wa watoto wenzake na vurugu za mtaani. Afadhali. Ila pwani hii ya Ziwa Victoria, iliyozika watu waliozama na MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, ingekuwa na maswali yake pia.

Hata hivyo, wanaobeza kuhesabu wanasahau tulikotoka. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kabla ya hapo mambo hayo yalimalizwa kifamilia, kimyakimya. Sioni jinsi mpango kama MTAKUWWA, wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ungetetewa mbele ya wagawa bajeti bila namba za namna hiyo.

Tatizo linaanza namba inaposhuka kutoka taifa hadi kwa mtoto. Utafiti huohuo ulikuta karibu robo tatu ya vijana wamewahi kupigwa utotoni. Swali ambalo karibu kila mtu analijibu “ndiyo” halikwambii nani aanze kusaidiwa. Tena kubakwa ni alama moja, na wazazi kuachana ni moja. Mtoto anayelelewa na bibi yake kisiwani Ukerewe wakati mama yuko mwaloni anaanika dagaa anaweza kusomeka kama aliyetelekezwa, kumbe anakula, anasoma na anapendwa. Anda mwenyewe, pamoja na wenzake, alionya mwaka 2020 kwamba alama hizi hazikuundwa kumpima mtu mmoja mmoja.

Njia nyingine ni ya mtafiti George Brown wa Uingereza: unakaa na mhusika, unauliza tukio lilimkuta katika hali gani, ndipo uzito wake unapimwa. Ni bora, lakini inakula saa nyingi, na mwalimu mwenye darasa lililofurika hana saa hizo.

Kwangu mimi, dodoso lisilo na majina litumike kupanga huduma za kata, na mtoto mmoja mmoja apewe mazungumzo. Hata hayo yana masharti. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, kwa hiyo anayeuliza ajue kuna majibu ambayo hawezi kuyafungia kabatini. Shule inayotaka kuanza, kabla ya kuchapa karatasi hata moja, iulize kwanza afisa ustawi wa jamii wa eneo lake anapatikana siku zipi, na ana nauli ya kufika visiwani.