Si Majini, Ni Shaaban Robert

Kwa kuwa rafiki yangu wa chumba cha pili ameshasambaza sauti iliyojaa kicheko kuliko maelezo, na kwa kuwa tangu asubuhi watu ninaowaheshimu wananiuliza nyani wangu wanakula nini, naona ni heri habari hii muipate kwangu mwenyewe kabla haijawafikia wakwe. Nyani hawakuwapo. Palikuwa na mito miwili ya kulalia, mkanda wa suruali, na kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952.

Mnaonifuata humu mnajua kwamba mwaka huu nimejifunga kusoma maandishi ya Kiswahili ya zamani tu, tena kwa sauti. Sharti la sauti si la kujionyesha, ingawa wapo wanaosema hivyo. Tenzi zilitungwa zighanwe, na ubeti wenye vipande vinne vya mizani nane nane, ukiupitia kwa macho matupu, ni sawa na kuitazama pilau ikapita kwenda kwa jirani. Nilianza na wosia ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858, na akina mama waliokuwa wakifua uani wakaacha kufua. Mmoja akaniomba nirudie pale penye habari za mume. Nikaja kwenye utenzi wa Al-Inkishafi, nikafika mahali ambapo madaka ya kuta za mji wa Pate, yaliyokuwa yakipangwa sahani za thamani, yamekuwa malalo ya makinda ya ndege, nikajikuta nimenyamaza na kulitazama kabati langu mwenyewe, ambalo lina sahani mbili na kikombe kisicho mkono. Kisha nikaingia Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, ambamo Karama anajitetea barazani mbele ya Waziri Majivuno kwa visa vya wajumbe sita, na utetezi ule nikausoma kwa kishindo mpaka kijana wa nyumba ya pili akaja kuniuliza kuhusu kesi ya kiwanja chao. Raha ya namna hiyo hulevya. Ndiyo maana nilipofika kwa Adili sikutosheka tena na kusoma, nilitaka kuigiza.

Kwa ambao hawajakisoma, na wapo humu, tena wengine walikifanyia mtihani: Adili ni liwali wa Janibu, mtu mwema kupita kiasi, ambaye ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, wamegeuzwa manyani kwa ubaya waliomtendea. Jini mmoja wa kike aitwaye Huria amemwamuru awachape kila usiku. Anawachapa, kisha anawalisha, anawabembeleza na kulia nao, kwa sababu ni ndugu zake. Ikibali, mtumishi wa mfalme, anayachungulia hayo kwa siri na kwenda kuyasema. Kisa kinachofanana na hiki kimo katika Alfu Lela Ulela, lakini huko ndugu ni mbwa. Laiti Shaaban Robert angewaacha mbwa! Mbwa hapa Ngamiani, Tanga, wangeniletea lawama za kawaida tu.

Umeme ulikuwa umekatika. Nisingeutaja, kwani si habari, ila kukatika kwake ndiko kulikoniangamiza: redio zote za mtaa zilikuwa zimenyamaza, sauti yangu ikawa ndiyo pekee inayotembea, na mshumaa niliouweka nyuma yangu ulikuwa ukinichora kwenye pazia la dirisha kwa ukubwa ambao Mungu hakunipa. Nilikuwa kifua wazi, nimefunga msuli. Hasidi nilimkalisha kwenye kigoda, nikamvisha fulana ili ajulikane, na Mwivu nikamwegemeza ukutani akiwa na baraghashia yangu ya Ijumaa. (Aliyewaambia kwamba mito ilikuwa na suruali amewadanganya.) Nikafungua ukurasa, nikaushika mkanda, nikaanza.

Nilichapa kwa haki. Kila pigo lilikuwa na mlio, na baada ya kila mlio nililia kwa niaba ya nyani aliyehusika, Hasidi kwa sauti nene na Mwivu kwa sauti nyembamba, kwa maana nilitaka wasichanganyike. Ilipofika zamu ya toba niliangusha mkanda, nikapiga magoti, nikamkumbatia Hasidi, na maneno ya kitabuni nikayaongezea ya kwangu: nisameheni ndugu zangu, sipendi kuwapiga, nimeamriwa, na nisipowapiga nitapigwa mimi! Nikalia. Nakiri kwamba machozi yalikuwa ya kweli. Kisha, kwa kuwa sikuridhika na lile pigo la mwisho, nikainuka ili nilirudie.

Mlango ulifunguka mkono wangu ukiwa juu.

Aliyetangulia ni mzee mjumbe, na tochi. Nyuma yake alisimama mama mwenye nyumba, ameushika mchi wa kinu kwa mikono miwili, na nyuma ya mama zilikuwa nyuso zote ninazopishana nazo kila asubuhi kwenye foleni ya choo. Hakuna aliyesema neno. Mwanga wa tochi uliniangukia usoni, ukapanda taratibu kuufuata mkono mpaka kwenye mkanda, ukashuka, ukamkuta Hasidi na fulana yake, ukamtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima, ukahamia kwa Mwivu, ukasita juu ya baraghashia, ukarudi kwa Hasidi kama unaohesabu, kisha ukanirudia mimi. Katika kimya kile adabu za nyumbani zilinijia zenyewe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba,” alisema mjumbe. “Weka chini huo mkanda.”

Niliuweka. Msuli nao, ambao ulikuwa umelegea tangu kwenye toba, ukaanza kuteremka, nikaudaka kwa viwiko kwa sababu viganja vilikuwa bado vimekunjwa kwa hofu.

“Mwanangu,” aliuliza mama mwenye nyumba kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko mchi, “unampiga nani humu?”

Mtu mwenye akili angejibu: ninasoma kitabu. Akili ilikuwa bado Janibu.

“Ndugu zangu, mama.”

“Wako wapi?”

“Hao hapo.”

Tochi ikawaangalia tena.

“Wamegeuzwa manyani,” niliongeza, nikidhani nasaidia.

“Nani kawageuza?”

“Huria. Ni jini.”

Hapo ndipo mtu mmoja pale mlangoni alipoanza Ayatul Kursiyyu, wengine wakaipokea, na mwenye mtoto mgongoni akaondoka mbio bila kugeuka. Nami badala ya kukionyesha kitabu, ambacho kilikuwa wazi miguuni pangu, niliitikia “Amin” pasipo mahali pake, jambo ambalo kwa macho ya walionizunguka lilithibitisha kila kitu.

Yaliyobaki ni mafupi. Mwalimu mstaafu wa chumba cha mwisho alipenya, akaliona jalada, akacheka mpaka akashika ukuta, mjumbe akakisoma kitabu kidogo kwa tochi, mchi ukarudi kinuni, na rafiki yangu, Ikibali wa nyumba hii, ambaye kumbe ndiye aliyenichungulia kwanza na kwenda kuwaamsha wote, alikuwa ameshaingia chumbani kwake kurekodi. Mjumbe aliondoka na kitabu. Alisema ni kwa ajili ya usalama, lakini leo alfajiri mkewe ameniuliza kama manyani wale huja kurudishwa ubinadamu, nami nimemwambia avumilie mpaka mwisho.

Changamoto inaendelea, kwa wanaouliza. Kinachofuata ni Utendi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo aliutunga Pate mwaka 1728. Mama mwenye nyumba ameniita nikiwa naandika haya, akataka kujua mapema kama ndani yake kuna mtu anapigwa. Nimemweleza kwamba ni vita vya Waislamu na jeshi la Herekali, beti zaidi ya elfu moja, na kwamba wanapigana karibu wote. Ameniambia nikausomee ufukweni Raskazone, tena mchana.