Mwalimu wetu alifua jezi mwenyewe

Nikizungumza na watu wa Mombasa na habari zikafika kwenye mpira wa kikapu, lazima niulizwe: hivi kweli huyo Dawn Staley wenu analipwa kama dola milioni 4 kwa mwaka kufundisha wasichana wa chuo? Kweli. Mkataba wake uliongezwa Januari 2025, hadi mwaka 2030, na Chuo Kikuu cha South Carolina, hapa hapa Marekani ninapoishi. Hapo wao hucheka, nami husikia ule msemo wetu wa kujiliwaza, kwamba Wazungu wametuacha mbali. (Staley ni mweusi, mtoto wa nyumba za serikali za Philadelphia kaskazini, lakini tusigombane.)

Msemo huo ndio unaonikera. Pat Summitt alipokabidhiwa timu ya kikapu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974 alikuwa na umri wa miaka 22. Alilipwa dola 250 kwa mwezi, jezi alifua yeye, na gari la kubebea wachezaji aliliendesha yeye. Mtu yeyote aliyesoma sekondari ya wasichana Pwani anamjua mwalimu wa namna hiyo. Wetu alifundisha Biolojia asubuhi, na saa kumi jioni alikuwa uwanjani na filimbi, kanga kiunoni, akitukimbiza juu ya saruji iliyopasuka. Jezi zilianikwa kibarazani kwake, na nauli ya kwenda mashindano alizunguka kuchangisha kwa wazazi. Mshahara wake ulikuwa wa Biolojia. Filimbi ilikuwa sadaka.

Summitt alistaafu mwaka 2012 akiwa na ushindi mara 1,098 na mataji 8, na mwaka 2006 mshahara wake ulikuwa umepita dola milioni moja. Wamarekani hawakuamka siku moja wakawapenda wasichana. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1972, wanaiita Title IX, iliyokataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mwanafunzi kwa jinsia yake. Vyuo vilinung'unika, na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, chenyewe kilikwenda mahakamani kuipinga kabla ya kugeuka na kuanzisha mashindano yake ya kikapu ya wanawake mwaka 1982. Walisukumwa. Nasi tungesukumwa, tungefika.

Na fedha hizo hazikuishia kwa kocha mkuu. Ukienda kutazama mechi huku, usiangalie aliyesimama akipiga kelele. Angalia waliokaa nyuma yake. Mmoja ana karatasi zenye tabia za kila mchezaji wa timu pinzani: nani hupenda kwenda kushoto, nani akibanwa hupoteza mpira. Mwingine kazi yake ni kukata video usiku kucha. Wote wanalipwa, na wote wanajifunza ukocha kwa gharama ya chuo. Geno Auriemma, aliyeletwa kutoka Italia akiwa mtoto wa miaka 7, alikuwa msaidizi wa kocha Debbie Ryan pale Chuo Kikuu cha Virginia kuanzia mwaka 1981 hadi 1985. Ndipo akapewa timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, na hadi mwaka 2025 ameshatwaa mataji 12. Staley naye alicheza chini ya Ryan huyo huyo.

Mtaniambia Staley aliruka ngazi, maana alipewa timu ya Chuo Kikuu cha Temple mwaka 2000 akiwa bado mchezaji wa kulipwa. Ni kweli. Ila alipohamia South Carolina mwaka 2008, msimu wa kwanza alipoteza mechi 18 kati ya 28, na hakuna aliyemfungia virago. Taji la kwanza lilikuja mwaka 2017, kisha 2022, kisha 2024 bila kupoteza hata mechi moja. Kamati zetu zingemvumilia hadi lini?

Huku nako si peponi. Kabla ya sheria ile, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni, michezo yote ikijumuishwa, zilifundishwa na wanawake. Mshahara uliponona wanaume wakajazana, sasa wanawake hawafiki nusu. Wachezaji nao wanahama kama ndege. Madina Okot wetu wa Mumias alitoka Chuo Kikuu cha Zetech akaenda chuo cha Mississippi State, na msimu mmoja baadaye akahamia kwa Staley. Kocha wa huku humbembeleza msichana kwa mkataba na fedha. Mwalimu wetu alimbembeleza baba yangu, jioni nzima, ili niruhusiwe kusafiri na timu, na soda aliyokaribishwa hakuimaliza.

Sidai mamilioni. Msichana aliyeng'ara shule ya Kaya Tiwi, akachezea KPA, timu ya Mamlaka ya Bandari, akiacha kucheza na kutaka ukocha, atakaa wapi wakati anajifunza? Ama ajitolee hadi achoke, ama atafute kazi nyingine. Kiti cha pili chenye mshahara hakuna. Wanasiasa hugawa mipira na jezi kura zikikaribia, na picha hupigwa. Bei ya hizo jezi, kwa makadirio yangu, ingemlipa kocha msaidizi mmoja wa wasichana katika kila kaunti ndogo ya Pwani, mwaka mzima, kwa barua ya ajira inayosema kazi yake ni ukocha. Nafasi hiyo itangazwe kama zinavyotangazwa za madereva na makarani, na walioucheza mchezo wapewe kipaumbele.