Siku niliyovujisha siri nikifundisha kutunza siri

Mimi nafundisha maadili ya utafiti kwa wanafunzi wa PhD, darasa moja fani zote, yaani hapa amekaa mtu wa fizikia, pale muuguzi, kule mwanahistoria, na kila mmoja anaamini somo hili limeletwa kwa ajili ya mwenzake. Wa fizikia aliniuliza wiki ya kwanza tu, Dokta, mimi napima nyutroni, hiyo ridhaa ya mshiriki nikaiombe kwa nani? Mwanahistoria akadakia kwamba watu wake walishakufa miaka 200 iliyopita na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Tulipofika kwenye utafiti wa Tuskegee wa kule Marekani ndo wakatulia, maana ile ya 1932 mpaka 1972, wanaume weusi mamia wanaangaliwa tu kaswende inavyowamaliza hata baada ya dawa yake, penisilini, kupatikana, hapo hata mimi utani huwa sina.

Sasa ikaja siku ya usiri. Nikasema leo sihubiri, leo vitendo. Nikagawa vikaratasi, usiandike jina, maswali matatu: umewahi kufuta data isiyokupendeza, umewahi kuweka jina la mtu kwenye makala ambayo hakuifanyia kazi, umewahi kuvujisha siri ya mshiriki. Juu kabisa nikaweka na "Fani yako", kwa ajili ya takwimu tu, nikajiona mjanja kweli.

Nimesahau kusema, siku hiyo kulikuwa na profesa mmoja amekuja kukaa nyuma kuangalia tunavyofundisha. Nilimkaribisha kwa mbwembwe zote.

Nikakusanya, nikachanganya kama karata, nikaanza kusoma kwa sauti. "Haya, huyu wa hisabati anasema aliweka jina la msimamizi wake kwenye makala ambayo mzee hakusoma hata kichwa chake."

Kimya. Halafu shingo zote zikageuka kwa kijana mmoja pale dirishani, zikakaa kidogo, kisha zote kwa pamoja zikageuka kwa profesa. Hapo ndo nikakumbuka kwamba mtu wa hisabati darasani ni mmoja tu. Na profesa ni wa hisabati. Na msimamizi wa huyo kijana ni nani vile?

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema jamani, si lazima awe wa humu ndani, wakati vikaratasi nimevikusanya humo humo dakika tano zilizopita. Nikaona nisogee mbele haraka, nikasema na huyu anayefuata, fani yake siitaji, anasema aliwahi kufuta vipimo vitatu vya nyutroni.

Wa fizikia akalaza kichwa mezani.

Kinachoniuma, slaidi iliyokuwa ukutani muda wote huo ni ya Latanya Sweeney, yule mtafiti aliyekadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani unaweza kuwatambua mmoja mmoja kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta tu, huhitaji jina, na kwa njia hiyo hiyo akazipata rekodi za matibabu za gavana wa Massachusetts kwenye data iliyotolewa ikiwa imeshafutwa majina. Nilipanga nimfikie baada ya zoezi, eti kama mshangao.

Kijana wa hisabati akanyoosha mkono, mpole kabisa. "Dokta, ulisema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote na haulizwi sababu?" Nikasema ndiyo. "Basi mimi najitoa." Nikampa kikaratasi chake, akakikunja akatia mfukoni. Wa fizikia naye akaja. Wakapanga foleni, mpaka muuguzi ambaye alijibu hapana kote. Profesa naye akasogea mbele, nikajua leo nimekwisha, akainama akaniuliza taratibu hiyo makala imetoka jarida gani.

Mezani kikabaki kikaratasi kimoja, changu, nilikijaza kama mfano. Swali la tatu, kuvujisha siri: HAPANA, herufi kubwa, nimepigia mstari mara mbili. Nikatazama kushoto na kulia, nikachukua kalamu.

"Dokta," sauti ikatoka mlangoni, kumbe yule wa hisabati hajaondoka, "ukibadilisha sasa hivi, hiyo ni kughushi data."