Hiyo zawadi ya besdei mnaitoaga wapi?

Jumamosi nimepanda Noah kutoka Himo kwenda Tarakea, tumebanana kama kawaida, nyuma yangu kuna kijana muongoza watalii anamhadithia mzungu wake eti mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda hapa Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake Kaiser Wilhelm, mfalme wa Wajerumani, mlima kama zawadi ya besdei. Mzungu anacheka, anaandika kwenye simu. Nikavumilia mpaka Mkuu, pale uzalendo ukanishinda nikageuka.

Jamani. Waingereza na Wajerumani wamekubaliana mpaka huo 1886, huyo mjukuu amekuwa Kaiser 1888. Mwaka huo wa kuchora mstari, aliyekalia kiti cha ufalme alikuwa babu yake! Wajerumani walishamsainisha Mangi Rindi, chifu wa Moshi, karatasi lao tangu 1885, Waingereza wanaitaka Mombasa, basi wakagawana. Mstari unaanzia baharini kule mto Umba, ukifika huku unauzunguka mlima, halafu unanyooka zake mpaka Ziwa Victoria. Keki iko wapi hapo?

Mtaniuliza inakuuma nini. Inaniuma kwa sababu hiyo stori inaufanya mstari uonekane utani wa kifamilia wa Ulaya, na watu waliokuwa wamesimama pale hawatajwi kabisa. Upande wa Kenya, kule Kajiado, kuna Rombo pia, jina lile lile la wilaya yetu huku, mlijua? Shangazi yangu ana mgomba Tarakea na mdogo wake ameolewa Loitokitok, ng'ambo Kenya. Akienda soko anafunga pesa kwenye kanga mafundo mawili, la kushoto shilingi za Kenya, la kulia zetu, na hajawahi kuchanganya hata siku moja, mimi mwenye digrii nachanganyikiwa kwenye chenji. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mpaka ukafungwa hadi 1983, yeye alikuwa binti, anasema watu hawakuacha kuvuka, walibadilisha tu saa ya kuvuka. Misiba haisubiri serikali zipatane.

Sasa mtu huyo huyo mwaka jana kasimamishwa na kijana wa sare, umri wa mjukuu wake, ana mikungu miwili ya ndizi na maharage debe moja. Akaambiwa "mama wewe ni mtu wa magendo." Magendo! Maharage ya kwake, anampelekea mdogo wake! Debe likabaki pale, risiti hakuna, na nina uhakika jioni hiyo kuna mahali makande yalipikwa. Na jumuiya hii mpya ina utaratibu kabisa wa mfanyabiashara mdogo, mzigo uliozalishwa humu humu usiozidi dola 2,000 unapita kwa fomu rahisi bila ushuru wa forodha. Shangazi mimi ndiye niliyemwambia kuna fomu kama hiyo. Akaniuliza, "Sasa baba, mbona yule hakuniambia?"

Haya, najua mtasema sukari inapita njia za panya usiku, na mirungi, na sio kila mwenye gunia ni shangazi wa mtu. Sawa, nakubali. Ila wenye hiyo mizigo wana pikipiki na namba za simu za watu wa kuwapigia, hawatembei saa nne asubuhi barabarani wakiwa na mkungu kichwani wanasalimia kila mtu.

Na wale wa "mbona mnatumia laini za Kenya", mnara ukishika simu nifanyeje, niikimbie?

Nirudi kwenye Noah. Kijana alinisikiliza vizuri tu, hakukasirika, akaniuliza sasa wageni niwaambie nini bro? Nikamwambia waambie 1886, halafu mkifika Tarakea muonyeshe mama yeyote anayevuka na ndizi, mwambie huyu ndo mstari ulimkuta hapa. Akafikiria mpaka tumepita Mashati.

"Bro," akasema, "hiyo haina tipu."