Sungura Dhidi ya Histoni

"Dada, sungura wako kafika," ajenti wetu wa kutoa mizigo alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege, "ila hatumwoni."

Maabara yetu huchunguza jinsi seli za saratani zinavyogawanyika, na tulikuwa tumeagiza kingamwili, yaani protini ya kinga inayonasa kitu kimoja mahususi, kutoka Ulaya. Kingamwili yenyewe ina macho makali: huitambua histoni H3, protini ambayo DNA hujizungushia, pale tu inapokuwa imebandikwa fosfeti (alama ya kikemia) kwenye serini ya 10, yaani tofali la kumi la protini hiyo. Seli ikianza kugawanyika, alama hiyo hujaa kwenye kromosomu, ikimaliza, hufutwa. Kwa hiyo kwenye hadubini seli iliyo kazini hung'aa, na iliyokaa tu hubaki giza. (Ingekuwepo ya kupaka wafanyakazi wa ofisi, ningeagiza pipa zima.)

Sasa, kingamwili hizi hutoka kwa wanyama, na muuzaji hutaja mnyama kwanza, kisha kile ambacho kingamwili yake inakinasa. Ankara yetu ilisema: sungura dhidi ya histoni H3, idadi 1.

Nilifika ghalani barafu imeshaanza kulainika. Kando ya boksi ameketi bwana mifugo, mzee mpole, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, kaitwa kwa ajili yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kibali cha mnyama hai kiko wapi?"

"Si mnyama, mzee. Ni maji yaliyotoka kwenye damu yake."

"Kumbe kachinjwa. Basi ni nyama."

"Si nyama, mzee."

Akashusha miwani. "Alichanjwa?"

Hapo nikababaika, maana jibu la kweli ni ndiyo. Sungura yule alidungwa kipande kifupi cha histoni chenye fosfeti, akarudiwa tena, mpaka damu yake ikajaa kingamwili. Bila sindano hizo hakuna bidhaa.

"Kachanjwa, mzee. Tena kwa marudio."

"Chanjo ya nini?"

"Histoni H3."

Akaiandika taratibu, herufi kwa herufi, uso umekunjuka. "Safi sana. Wengi hapa wanaleta wasiochanjwa."

Boksi likafunguliwa. Pakiti za barafu, karatasi, pakiti nyingine za barafu, kisha kichupa kidogo kuliko kidole, ndani yake mikrolita 100, yaani matone mawili hivi. Mzee akakiinua kwenye mwanga, akakitikisa, nami roho ikanitoka, maana kwa bei ya matone yale ningenunua mbuzi kadhaa.

Bora nisingewaza mbuzi. Kidole chake kilikuwa kimeteremka mstari wa pili wa ankara: mbuzi dhidi ya sungura.

"Hawa mmewasafirisha boksi moja?"

Nikaeleza kwamba kingamwili ya sungura haing'ai yenyewe. Inashika histoni, kisha ya mbuzi, iliyobeba rangi, inaishika ya sungura, ndipo tunaona.

"Na mbuzi kachanjwa?"

"Kachanjwa."

"Nini?"

"Sungura, mzee."

Kalamu ikasimama hewani. Ajenti akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka. Mwishowe mzee akaandika, nami nikasoma kwa juu ya bega lake: Sungura 1, amechanjwa. Mbuzi 1, amechanjwa sungura. Hali ya wanyama: maji.

Akagonga muhuri. Nilikuwa nimeshakumbatia boksi langu ajenti aliposema, "Mkuu, ukurasa wa pili kuna punda."